Guruneti ilimharibia mkono wa kulia, akabeba dhahabu mbili za Olimpiki kwa wa kushoto: Stori ya Károly Takács

Kuna watu maisha ikiwapiga mara moja wanalala chini. Halafu kuna Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria aliyepoteza mkono aliokuwa akitumia kulenga shabaha, na miaka 10 baadaye akawa bingwa wa Olimpiki kwa mkono ule mwingine.

Kama hujawahi kuskia jina lake, tulia tukupe rada.

Kipaji kiko, cheo hakuna

Takács alizaliwa Budapest tarehe 21 Januari 1910. Aliingia jeshini akiwa kijana, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 alikuwa kati ya wasee wakali zaidi duniani wa kulenga shabaha kwa bastola.

Olimpiki ya Berlin ya 1936 ilipokaribia, ungedhani nafasi yake ilikuwa imeshajazwa. Wapi! Takács alikuwa sajini tu, na timu ya Hungaria ilikuwa ya maafisa wenye vyeo vikubwa. Kulenga anajua, lakini mabegani hana nyota za kutosha. Akabaki nyumbani.

Baada ya Berlin hiyo sheria iliondolewa. Jamaa akaanza kuisaka Olimpiki ya 1940.

Siku mambo yalienda mrama

Mwaka wa 1938, wakiwa kwenye mazoezi ya kijeshi, guruneti mbovu ililipuka akiwa ameishika. Mkono wa kulia ukaharibika kabisa. Alilazwa hospitalini karibu mwezi mzima.

Hebu fikiria. Umri wa miaka 28, mlango uliokuwa umefungwa ndio umefunguka tu, halafu mkono wa kazi unaenda.

Takács hakutangazia mtu yeyote mpango wake. Alitoka hospitali, akachukua bastola na mkono wa kushoto, akaanza kujifunza upya kimya kimya kama mtoto wa nasari anayeshika penseli mara ya kwanza.

Kwa nini hiyo kitu si mchezo

Wale wa bunduki ndefu kwenye Olimpiki wana kitundu kidogo cha kuchungulia kinachosaidia jicho kukaa katikati. Wa bastola hawana hiyo raha. Wanapewa kichuma kimoja mbele ya mtutu na kingine nyuma chenye mwanya, na lazima jicho livipange sawa. Bastola inashikwa na mkono mmoja tu, umenyooshwa hewani, bila kuegemea chochote.

Jicho la binadamu haliwezi kuona karibu na mbali vizuri kwa wakati mmoja. Kwa hivyo mlengaji anakazia macho kile kichuma cha mbele, na shabaha yenyewe anaiacha ikiwa ukungu ukungu. Ikiwa vichuma hivyo vimeachana sentimita 20, kosa la milimita moja tu pale mkononi linakuwa zaidi ya sentimita 12 risasi ikifika mita 25. Ukitetemeka kidogo, kwisha wewe.

Sasa badilisha mkono. Kidole kilichozoea kuvuta kifyatulio polepole hakipo tena, na ile njia ya jicho, mkono na shabaha inabidi ipangwe upya kutoka sufuri. Na mchezo wake ulikuwa ule wa kasi: shabaha tano, risasi tano, na raundi kali zaidi inakupa sekunde nne pekee.

Walimpa pole, akawapa kichapo

Mwaka wa 1939 alitokea kwenye mashindano ya kitaifa ya Hungaria. Wenzake wakamwendea kumpa pole, wakidhani amekuja kutazama tu. Akawaambia amekuja kushindana. Akashinda.

Mwaka huo huo alikuwa kwenye kikosi cha Hungaria kilichobeba ubingwa wa dunia. Lakini vita vya pili vya dunia vikaja vikafuta Olimpiki ya 1940 na ile ya 1944. Manze, huyu mtu alikuwa anafuatwa na mikosi tu!

London, 1948

Alipofika Olimpiki hatimaye, Takács alikuwa na miaka 38. Aliyepigiwa upatu kushinda alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia. Inasimuliwa kwamba Valiente alimuuliza amefuata nini London, na Takács akajibu kwa upole kuwa amekuja kujifunza.

Mwanafunzi huyo alipiga pointi 580 kati ya 600, rekodi mpya ya dunia. Valiente akawa wa pili na 571. Wanasema Muargentina huyo alimfuata baadaye akamwambia kwamba sasa amejifunza vya kutosha.

Miaka minne baadaye, huko Helsinki, alirudia tena na pointi 579. Safari hii ilikuwa presha kali, kwa sababu Mhungaria mwenzake Szilárd Kun, kijana wa miaka 17, alimaliza na 578. Takács akawa mtu wa kwanza kutetea dhahabu ya mchezo huo. Mwaka wa 1956 alienda Melbourne akiwa na miaka 46, akamaliza wa nane.

Mwisho wa safari

Yule sajini aliyefungiwa nje kwa sababu ya cheo alistaafu akiwa luteni kanali, na akafundisha vijana kulenga. Alifariki tarehe 5 Januari 1976, siku 16 kabla ya kufikisha miaka 66.

Wengi humkumbuka kwa zile medali mbili. Lakini ukipiga hesabu vizuri, kazi ngumu aliifanya kati ya 1938 na 1939, wakati hakukuwa na mashabiki, kamera wala mtu wa kumpigia makofi. Ni yeye, bastola, na mkono usiojua kazi.

Wewe ungekuwa yeye, ungeshika bastola tena ama ungeachana nayo?