Emin Pasha: Mtafiti asiyeona mbali ambaye daftari zake ziliishia Kasongo

Tarehe 22 Aprili 1893 kikosi cha Dola Huru ya Kongo kikiongozwa na Mbelgiji Francis Dhanis kiliingia Kasongo. Mji ulikuwa mikononi mwa Sefu, mwana wa Tippu Tip, ambaye alikuwa amekwisha kukimbia. Kasongo ya wakati ule haikuwa hapa mji ulipo leo bali Tongoni, na waliouingia walishangazwa na utajiri wake: mashamba makubwa ya mpunga, vitanda vizuri, sukari, mishumaa. Katika vitu walivyovikuta kulikuwa na mizigo ya Mzungu mmoja aliyeuawa miezi sita kabla, mamia ya kilomita upande wa kaskazini. Zilikuwamo pia daftari zake, zenye kumbukumbu za siku zake za mwisho.

Mwenye daftari hizo ni Emin Pasha, daktari, gavana na mkusanyaji wa ndege, ambaye magazeti ya Ulaya yalimwandika kwa miaka mingi kuliko karibu mtu yeyote aliyekuwa Afrika ya Kati. Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo waandishi wengi hulitaja kwa mstari mmoja kisha wakaendelea na vita na pembe za ndovu. Macho yake yalikuwa mabovu. Hakuona mbali tangu zamani, na kuelekea mwisho alikuwa karibu kipofu. Ukifuata habari hiyo ya macho, safari yake yote hadi Kongo inaeleweka vizuri zaidi.

Mtoto wa mfanyabiashara

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 mjini Oppeln, katika jimbo la Silesia lililokuwa chini ya Prussia. Leo ni Opole, Poland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, baba akiwa mfanyabiashara. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, mama akaolewa tena na mwanaume Mkristo, na watoto wakabatizwa.

Alisomea udaktari Breslau, Königsberg na Berlin, akamaliza mwaka 1864. Lakini hakuruhusiwa kufanya mtihani wa serikali, na bila mtihani huo hakuweza kutibu watu kwao. Akaondoka kwenda kutafuta riziki katika himaya ya Waturuki, ambako alifanya kazi ya udaktari bandarini Antivari, kisha akawa mtu wa nyumbani kwa gavana Ismail Hakki Pasha. Gavana alipofariki, Schnitzer alimpeleka mjane na watoto Silesia kwa ndugu zake, na mwaka 1875 akawaacha huko bila kuaga. Hilo halipendezi, na hata wanaompenda hawajapata namna ya kulieleza.

Alipofika Khartoum alijiita Emin, kwa Kiswahili Amini, yaani mwaminifu. Alivaa kofia ya Kituruki, alizungumza Kituruki na Kiarabu, na alijulikana kama Mwislamu. Charles Gordon, aliyekuwa anatawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, alimchukua mwaka 1876 kuwa daktari wa jimbo, akamtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na baadaye kwa Mukama Kabalega wa Bunyoro. Mwaka 1878 daktari huyo akawa gavana, makao yake Lado, kando ya mto Nile.

Aliyeona kwa karibu

Hapa msomaji avumilie kidogo, kwa sababu kazi ya Emin haieleweki bila kujua jicho linafanya nini.

Jicho la binadamu ni kama kamera. Mwanga unapita kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele, kisha kwenye mboni na lenzi, na picha inaangukia nyuma, kwenye utando unaoitwa retina. Ili tuone vitu vya karibu, msuli mdogo huifanya lenzi inenepe. Tukitazama mbali inakuwa bapa. Mtu asiyeona mbali kwa kawaida ana jicho refu kuliko kiasi. Picha ya kitu cha mbali hukusanyika kabla ya kuifikia retina, na anachokiona ni ukungu. Lakini akivua miwani na kukileta kitu karibu na pua, anakiona wazi pale ambapo wenye macho mazuri hawawezi.

Emin alikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Karatasi aliisoma ikiwa karibu kugusa uso. Aliandika herufi ndogo sana, zilizonyooka. Na pale mezani, na ndege mfu mkononi, alikuwa bingwa: alichuna ngozi, akapima mdomo na bawa, akaandika rangi ya macho na ya miguu kabla hazijafifia. Bila shaka wapiga risasi wake ndio waliomwona ndege juu ya mti. Yeye alimwona alipoletwa chini. Maboksi ya ngozi hizo yalikwenda Bremen, Vienna, London. Shomoro mmoja wa Afrika Mashariki ana jina lake katika sayansi, Passer eminibey, na mbwigu mmoja aliitwa Lanius gubernator, yaani gavana, kwa heshima yake.

Nauona ukusanyaji huu kuwa kazi yake ya kweli. Ugavana ulikuwa riziki.

Riziki hiyo ilikatika pale Mahdi alipoasi Sudan na Khartoum kuanguka mwaka 1885. Emin alirudi nyuma hadi Wadelai akiwa na askari wake, amekatiwa njia. Ulaya ikapiga kelele kwamba lazima aokolewe. Henry Morton Stanley ndiye aliyetumwa, akapita Kongo, akapanda msitu wa Ituri na kupoteza watu wengi. Walikutana kando ya Ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888, na mwokoaji alikuwa na njaa kuliko mwokolewaji. Emin hakutaka sana kuondoka. Baada ya askari wake kumwasi na kumfunga, hakuwa na la kuchagua, na Aprili 1889 msafara ulianza kuelekea pwani. Kwa wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kuingia, yaani lenzi yenyewe ilikuwa inapoteza uangavu. Maradhi hayo leo hospitali hutibu kwa upasuaji wa muda mfupi.

Dirisha la Bagamoyo

Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Jioni ile Wajerumani waliwaandalia karamu ghorofani. Kulikuwa na mvinyo, hotuba na muziki. Emin alikuwa mchangamfu, akizunguka meza kuzungumza na wageni. Kisha hakuonekana. Alikuwa ametoka kwa dirisha akidhani ni mlango wa baraza, akaanguka hadi barabarani na kuumia kichwa vibaya. Ametembea miezi minane kutoka Ziwa Albert bila kuvunjika mfupa. Akaangushwa na tofauti kati ya dirisha na mlango.

Stanley alivuka kwenda Zanzibar bila yeye. Emin alilala wiki nyingi hospitali ya Wajerumani, na alipoinuka alikuwa upande wao.

Bagamoyo ni pwani ya wavuvi, na pweza ni kitoweo cha kawaida kule kama sombe ilivyo kwetu. Nimemtaja pweza kwa makusudi. Yeye na ngisi wana jicho la kamera kama letu: mboni, lenzi, retina. Ila ndani ya maji konea haisaidii sana kupinda mwanga, kwa hiyo lenzi lazima iwe na nguvu yote, na imekuwa mviringo kama gololi. Sisi wa Kasongo tunaweza kuiona kwa samaki wa Lualaba: ile punje nyeupe ngumu unayoikuta kwenye jicho la samaki aliyepikwa ndiyo lenzi yake. Pweza haibadilishi umbo gololi hiyo. Anaisogeza mbele na nyuma, kama mpiga picha anavyosogeza lenzi ya kamera.

Kinachowashangaza wataalamu ni kwamba jicho hilo halikutoka kwenye chanzo kimoja na letu. Babu wa mwisho wa pamoja kati ya binadamu na pweza aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na yaelekea alikuwa na vidoa tu vya seli zinazohisi mwanga. Kila ukoo ulijijengea jicho kwa njia yake, hatua kwa hatua, ingawa jeni moja ya kuanzisha kazi, inayoitwa Pax6, inaonekana kwa wote. Ushahidi kwamba njia zilikuwa mbili uko kwenye retina. Yetu huchipuka kutoka kwenye ubongo, na mishipa yake ya fahamu hupita mbele ya seli zinazopokea mwanga, kisha hutoka nyuma kupitia tundu. Ya pweza hutokana na ngozi ya juu, na mishipa yake iko nyuma tangu mwanzo. Pweza hana tundu.

Sisi tunalo, na kila mtu anaweza kujipima. Chora msalaba kwenye karatasi, na sentimita nane kulia kwake weka nukta nene. Funga jicho la kushoto, utazame msalaba tu kwa jicho la kulia, ukiisogeza karatasi polepole kutoka urefu wa mkono. Karibu na sentimita 30 nukta itatoweka.

Yuko pia jamaa wa pweza aitwaye nautilasi, ambaye hana lenzi kabisa. Jicho lake ni kitundu kilicho wazi kwa maji ya bahari, na kitundu kikiwa kidogo kinatosha kutoa picha ya kadiri. Mtu asiyeona mbali anapokunja macho ili aone, anafanya hicho hicho: anapunguza tundu la mwanga, na ukungu unapungua. Emin alitazama dunia hivyo miaka mingi.

Kuelekea magharibi

Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo tena, safari hii akiwa mtumishi wa Ujerumani. Alipandisha bendera yao Tabora, na mwishoni mwa mwaka huo akaanzisha kituo cha Bukoba. Wanaomwona kama mwanasayansi tu husahau sehemu hii. Alishiriki kuiweka nchi ya watu chini ya utawala wa kigeni, na alijua anachofanya. Mwaka 1891 alivuka kwenda magharibi bila kibali cha wakubwa wake. Ndui ikaingia kwenye msafara. Desemba aliamua kubaki na wagonjwa, akamwamuru mwenzake Franz Stuhlmann arudi na walio wazima. Stuhlmann alimwacha mtu ambaye aliona kwa shida sana.

Alipopata nguvu, Emin aliendelea kuingia msituni akielekea Lualaba, akitegemea wafanyabiashara wa Kiarabu na Waungwana wamfungulie njia. Wakati ulikuwa mbaya kuliko wote. Mwaka 1892 mapambano kati ya wafanyabiashara hao na watu wa Mfalme Leopold yalikuwa yamekwisha kuanza, na kila Mzungu alitazamwa kama adui. Kibonge, mmoja wa wakubwa wa mto, alitoa amri auawe.

Ilikuwa Oktoba 1892, kwa mtemi Kinena, kusini-mashariki mwa Kisangani ya leo. Watu wa Emin walishawishiwa kwenda mashambani kuchukua ndizi na kuacha bunduki. Yeye alikuwa mezani, ndege na mimea yake mbele yake. Wanaume waliosimama karibu naye walimshika mikono, akasomewa barua ya Kibonge, akauawa kwa kisu. Alikuwa na miaka 52. Kichwa chake kilipelekwa kwa Kibonge ndani ya sanduku, na vitu vyake vikashuka kusini hadi Kasongo.

Mwaka 1894 Mmarekani Richard Dorsey Mohun, mjumbe wa nchi yake Kongo, aliwatambua wawili wa waliomshika Emin, Ismailia na Mamba. Maelezo yao ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya habari za kifo hicho, nao walinyongwa hapa Kasongo baada ya kuhukumiwa na maofisa wa Ulaya. Kibonge naye aliuawa na watu wa Leopold baadaye. Daftari zilifika Ujerumani, ambako Stuhlmann alisimamia kuzichapisha kwa juzuu kadhaa.

Mwaka 1910 mtaalamu mmoja wa wanyama aliupa jina la Emin mnyama ambaye wawindaji wa misitu yetu wanamjua vizuri, panya mkubwa mwenye mifuko mashavuni, Cricetomys emini. Jamaa yake wa karibu ndiye anayefunzwa Morogoro, Tanzania, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya hao huona vibaya, na kazi yote hufanya kwa pua.