Garry Winogrand na Mikanda 2,500 Ambayo Hakuisafisha

Usiku ule umeme ulikatika hosteli, na rafiki yangu wa chumba kimoja alikuwa anafungasha. Alikuwa amedisko, asubuhi anapanda basi kurudi kwao. Nikachukua kamera ya zamani ya mjomba, yenye mkanda wa picha nyeusi na nyeupe, nikampiga kwa mwanga wa tochi ya simu. Nilijua mwanga hautoshi. Nikajipa moyo kwamba nitausukuma mkanda wakati wa kusafisha.

Imani hiyo niliipata kwa Mmarekani mmoja, marehemu Garry Winogrand. Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1928. Baba yake alifanya kazi za ngozi, mama yake alitengeneza tai. Baada ya kutoka jeshini, mwaka 1948 aliingia Chuo Kikuu cha Columbia kusoma uchoraji. Huko mpiga picha wa gazeti la wanafunzi akamwonyesha chumba cha giza kilichokuwa wazi saa 24. Uchoraji ukaishia hapo. Naam, wanachuo wenzangu, jamaa alianzia chumba cha giza cha chuoni.

Alizunguka mitaani na Leica yenye lenzi pana, akipiga watu wakiwa kwenye mwendo. Mkanda wake ulikuwa Tri-X, wenye kiwango cha ASA 400. Yeye aliupima kama wa 1200, yaani aliupa theluthi moja tu ya mwanga wake. Faida ni kwamba shata hufunga haraka, na mtu anayekatiza barabara hatoki na ukungu. Deni hulipwa chumba cha giza: mkanda unakaa kwenye dawa muda mrefu zaidi. Ila dawa hukuza kile tu ambacho mwanga ulikigusa. Sehemu zenye mwanga zinazidi kukolea, chembe zinajitokeza, lakini kivuli ambacho hakikupata kitu hubaki kitupu hata ukiongeza dakika. Winogrand alilijua hilo. Alikubali kupoteza vivuli ili aupate mtaa.

Na aliupata. Mwaka 1967 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilionyesha kazi zake pamoja na za Diane Arbus na Lee Friedlander. Alipata ufadhili wa Guggenheim mara 3, akafundisha Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, kisha mwaka 1978 akahamia Los Angeles.

Tatizo lilikuwa kwingine. Alipenda kuiacha mikanda ikae kwanza, ili asahau hisia za siku aliyopiga na aichague picha kwa jicho tulivu. Wazo zuri, lakini kasi ya kupiga iliishinda kasi ya kuangalia. Februari 1984 akagundulika ana saratani. Tarehe 19 Machi alifariki Tijuana, Mexico, akiwa na miaka 56. Aliacha mikanda kama 2,500 isiyosafishwa, na mingine 6,500 iliyosafishwa lakini haijachapwa hata picha za kuchagulia. Kwa picha 36 kila mkanda, hiyo 2,500 peke yake ni kama picha 90,000 ambazo mwenyewe hakuziona. Zilisafishwa na wengine, na John Szarkowski, aliyekuwa amempigania miaka mingi pale jumba la sanaa, hakuficha kwamba nyingi za mwisho zilimvunja moyo.

Mkanda wangu niliupa dakika za ziada kwenye dawa. Tochi imetoka kali, zipu ya begi inaonekana vizuri. Uso wa rafiki yangu haumo. Winogrand alisukuma kwa hesabu. Mimi nilisukuma kwa kujifariji.

Ila nina mkanda mwingine kwenye droo tangu mwaka wa kwanza. Humo yumo, mchana kweupe, mbele ya maktaba, anacheka. Mwanga ulitosha, kilichokosekana ni mimi kuusafisha. Jumamosi hii naingia chumba cha giza.