SALMAN AL-FARISI, LIWALI ALIYEKULA KWA KAZI YA MIKONO YAKE

Katika Masahaba wa Mtume Muhammad (S.A.W.) wako waliokuwa mafakiri kwa kukosa, na wako waliokuwa mafakiri kwa kuchagua. Sayyidna Salman al-Farisi (R.A.) ni katika hao wa pili. Na ufakiri wa namna hii ni mgumu kuliko ule wa kwanza, kwani asiye na kitu hana la kufanya ila kusubiri. Lakini mwenye kuchagua huiona mali mbele yake kila siku, na kila siku huiacha ipite.

Alizaliwa Uajemi, katika kijiji cha Jayy, karibu na Isfahan. Baba yake alikuwa mkubwa wa kijiji na mwenye mashamba, naye alimpenda mwanawe mno hata akawa hamruhusu kutoka nyumbani. Kazi ya Salman ilikuwa kuuchochea moto waliokuwa wakiuabudu, usizimike. Akaiacha dini hiyo pamoja na raha yote ya kwao, akaenda kutafuta dini ya haki. Aliwahudumia watawa wa Kikristo, mmoja baada ya mmoja, katika Shamu, Mosul, Nisibin na Ammuriya. Kisha akafuatana na wafanya biashara wa Kiarabu, nao wakamdhulumu wakamuuza, akauzwa tena, hata akafika Madina hali ya kuwa mtumwa. Huko ndiko alikokutana na Mtume, akasilimu. Bwana wake alitaka miche 300 ya mitende na ukia 40 za dhahabu ndipo amwache huru. Masahaba wakachanga miche, Mtume akaipanda kwa mkono wake mtukufu na akampa kipande cha dhahabu, Salman akakomboka. Mwaka 5 wa Hijra (627) yeye ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki, na kwa handaki hilo Madina ikahifadhika na maadui zake.

Ilipofika mwaka 16 wa Hijra (637), Waislamu waliuteka Madain, mji mkuu wa wafalme wa Uajemi. Tao kubwa la jumba la Kisra lingaliko mpaka leo, kusini-mashariki ya Baghdad. Baadaye Sayyidna Umar alimweka Salman kuwa liwali wa mji huo. Basi yule aliyeuzwa sokoni akawa mtawala katika makao ya wafalme wa nchi yake mwenyewe. Uzee wake uliobaki aliumaliza huko.

Imepokewa kuwa posho yake ilikuwa dirhamu 5,000, na watu aliokuwa akiwatawala walikuwa kiasi cha 30,000. Lau angejenga nyumba kubwa, akaweka wapishi na watumishi, hapana ambaye angeona ajabu. Lakini kila ilipomfikia posho hiyo, aliitoa yote sadaka. Yeye mwenyewe alikula kwa kazi ya mikono yake. Alikuwa akinunua majani ya mtende kwa dirhamu moja, akayasuka, akauza alichosuka kwa dirhamu tatu. Dirhamu moja aliirudisha kununulia majani mengine, moja aliwapa watu wake wa nyumbani, na moja aliitoa sadaka. Hivi ndivyo liwali huyu alivyogawa pato lake, wala hakuona kuwa kusuka kunamshusha cheo.

Nguo yake ilikuwa juba moja. Alipokaa alitandika upande mmoja na upande wa pili akajifunika. Kwa muda mrefu hakuwa na nyumba, bali alihama na kivuli kilipohama. Mtu mmoja alipotaka kumjengea, Salman alikubali kwa sharti kuwa iwe nyumba ambayo akisimama kichwa kinagusa dari, na akilala miguu inagusa ukuta. Siku moja mgeni aliyetoka Shamu alimwona njiani, akamdhania hamali, akamtwika mzigo. Salman akauchukua. Watu walipomsalimu kwa heshima ya uliwali, mgeni akaona haya akataka kuutua. Salman akakataa, akaufikisha mpaka mwisho wa safari.

Chakula chake kilikuwa kidogo, na alipohimizwa kuongeza alikataa, akikumbusha hadithi ya Mtume juu ya wenye kujishibisha sana duniani, na njaa itakayowapata huko Akhera. Siku moja alikutwa akikanda unga kwa mikono yake, na alipoulizwa alieleza kuwa mtumishi katumwa kazi, naye hakupenda kumtwika kazi mbili. Imepokewa pia kuwa alimkaribisha mgeni mkate na chumvi, naye mgeni akatamani lau pangekuwa na zaatari ya kulia. Salman akaenda akaliweka rahani birika lake la kutawadhia, akaleta zaatari. Walipokwisha kula, mgeni akamshukuru Mungu aliyewakinaisha kwa alichowaruzuku. Salman akamjibu kuwa lau angekinai, birika lisingekuwa rahani.

Wala isidhaniwe kuwa alipenda kuutesa mwili. Zamani huko Madina, alipomzuru nduguye Abu Dardaa, alimkuta anafunga kila siku na kusali usiku kucha, na mkewe kaachwa. Salman alikataa kula mpaka Abu Dardaa ale naye, na usiku akamlazimisha alale kwanza, kisha wakasali pamoja mwisho wa usiku. Alimkumbusha kuwa Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na mke ana haki yake. Mtume alipopata habari alimsadiki Salman.

Alipokuwa katika maradhi ya mauti, Sayyidna Saad bin Abi Waqqas alikwenda kumtazama, akamkuta analia. Alidhani analilia kufa. Salman akaeleza kuwa hakulia kwa kuogopa mauti wala kwa kuipenda dunia, bali Mtume aliwaagiza Masahaba zake kuwa kila mmoja atosheke na masurufu kama ya msafiri, naye akachelea kuwa amepita mpaka huo, kwa vile vyombo vilivyomzunguka. Na vyombo vyenyewe vilikuwa bakuli, chombo cha kufulia na birika! Alipofariki, imepokewa kuwa alichoacha hakikuzidi dirhamu ishirini na kitu. Hayo yalikuwa katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, uliokwisha mwaka 35 wa Hijra (656). Kaburi lake liko huko huko Madain, na mji uliopo hapo sasa unaitwa kwa jina lake, Salman Pak.

Basi na atazame kila mmoja wetu, hasa aliyekwisha ota mvi, ni vitu vingapi vinavyomzunguka kitandani pake, na ni vingapi atakavyoulizwa. Msafiri aliyekaribia kwao hupunguza mzigo, haongezi. Mwenyezi Mungu amrehemu Salman, na aturuzuku sisi ukinaifu kabla hayajatufika mauti. Amin.