Harry Ferguson: Mtoto wa mkulima aliyetuliza magurudumu ya trekta

KILA msimu wa kilimo, matrekta mekundu ya Massey Ferguson huonekana katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki yakivuta plau, haro na matela. Wakulima wanaoyakodi hulitaja jina hilo mara kwa mara, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba Ferguson alikuwa mtu, tena mtoto wa mkulima aliyekimbia kazi za shamba.

Harry Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884 katika kijiji cha Growell, karibu na Dromore, jimbo la Down nchini Ireland. Kilimo cha baba yake hakikumvutia. Mwaka 1902 alikwenda Belfast kufanya kazi katika gereji ya kaka yake, Joe, iliyotengeneza baiskeli na magari.

Huko alionyesha mapema kwamba si mtu wa kuridhika na spana peke yake. Desemba 31, 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe na kuwa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini nchini Ireland. Mwaka 1911 alianzisha biashara yake ya magari, na baadaye akaongeza uuzaji wa matrekta.

Trekta lililoua dereva

Mwaka 1917, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea na chakula kikiwa haba, serikali ilimwomba asaidie kuboresha matumizi ya matrekta nchini Ireland. Akiwa na fundi wake, Willie Sands, alizunguka mashambani kuangalia jinsi mashine zilivyofanya kazi.

Alichokiona hakikumfurahisha. Plau wakati huo ilifungwa nyuma ya trekta kwa mnyororo au chuma, kama ilivyofungwa kwa farasi. Ilipokwama kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na trekta likapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Wengi walikufa kwa namna hiyo.

Dawa iliyokuwa ikitumika ni kutengeneza matrekta mazito zaidi. Ferguson aliona hilo ni kosa, kwa sababu trekta zito lilishindilia udongo, lilikunywa mafuta mengi na bei yake ilimshinda mkulima mdogo.

Yeye alifanya trekta na plau kuwa kitu kimoja. Alifunga zana kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ikiinuliwa na kushushwa kwa haidroliki. Plau ilipovuta udongo, uzito wake ulihamia kwenye magurudumu ya nyuma na kuyafanya yashike ardhi. Ilipogonga jiwe, mkono wa juu ulisukuma mbele na kuizuia pua isiinuke. Hivyo trekta jepesi liliweza kufanya kazi ya trekta zito.

Mwaka 1933 alikamilisha trekta la majaribio lililopakwa rangi nyeusi, na mwaka 1936 matrekta yake ya kwanza ya kuuzwa yalianza kutengenezwa Uingereza kwa ushirikiano na David Brown. Hadi leo, matrekta ya kampuni nyingi duniani hufunga zana kwa mikono mitatu.

Mkataba wa kupeana mkono

Oktoba 1938 Ferguson alipeleka trekta lake Marekani na kumwonyesha Henry Ford. Ford alivutiwa, na wawili hao wakakubaliana kwa kupeana mkono tu, bila maandishi. Ford angetengeneza, Ferguson angeuza. Trekta lao lilitoka mwaka 1939, na hadi mwaka 1947 zaidi ya matrekta 300,000 yalikuwa yametengenezwa.

Hata hivyo, mjukuu wa Ford, Henry Ford II, alipochukua uongozi wa kampuni alivunja makubaliano hayo, kisha kampuni ikatoa trekta jingine lenye haidroliki ileile. Ferguson alifungua kesi akidai dola milioni 251. Baada ya miaka minne ya mawakili na gharama, mwaka 1952 alikubali kulipwa dola milioni 9.25.

Fedha hizo zilikuwa nyingi, lakini ni sehemu ndogo sana ya alichodai. Kwa mfanyabiashara yeyote, mdogo au mkubwa, funzo liko wazi: urafiki ni mzuri, lakini karatasi yenye sahihi ndiyo inayobaki mwenzako akiondoka.

Wakati kesi ikiendelea, Ferguson hakukaa bure. Kuanzia mwaka 1946 kiwanda cha Standard mjini Coventry kilitengeneza trekta lake dogo la rangi ya kijivu, TE20. Hadi mwaka 1956 zaidi ya 500,000 yalikuwa yametoka. Mwaka 1953 aliunganisha biashara yake na kampuni ya Massey-Harris ya Canada, na muungano huo ndio uliozaa jina la Massey Ferguson. Mwaka uliofuata alijiondoa.

Siri ya magurudumu manne

Kazi yake ya mwisho ilihusu magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Tatizo alilolishughulikia bado linawasumbua wenye pikapu, matrekta na pikipiki za magurudumu manne.

Katika TE20, tairi za mbele zilikuwa ndogo na za nyuma kubwa, na hapakuwa na madhara kwa sababu za mbele hazikusukumwa na injini. Mambo hubadilika pale injini inaposukuma mbele na nyuma kwa pamoja. Tairi yenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 katika kilomita moja, lakini yenye mzingo wa mita 1.94 huzunguka karibu mara 515. Kama ekseli mbili zimefungwa pamoja, mizunguko hiyo 15 haina pa kwenda. Kwenye tope tairi huteleza na kuipunguza. Kwenye lami au ardhi ngumu, tairi huliwa haraka, propela shafti hujikaza, na mwisho gia hukatika.

Kampuni ya utafiti ya Ferguson ilitengeneza mfumo wenye difu katikati ya ekseli mbili, unaoruhusu tofauti ndogo ya mizunguko na kuizuia isizidi. Ferguson alifariki dunia Oktoba 25, 1960 nyumbani kwake Stow-on-the-Wold, Uingereza, kabla ya kuona matunda yake. Mwaka 1961 gari la kampuni yake lilishinda mashindano ya Oulton Park likiendeshwa na Stirling Moss, na mwaka 1966 mfumo huo uliwekwa kwenye gari la Jensen FF.

Hata difu hiyo si ruhusa ya kuchanganya tairi. Tofauti ikiwa ya kudumu, mfumo hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto na kuchakaa.

Kwa mwenye chombo cha aina hiyo, namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi hazitoshi. Tairi mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa sababu ya kampuni, kuchakaa au upepo. Jaza upepo unaotakiwa, weka alama ya chaki, sukuma chombo kwenye ardhi ngumu hadi tairi izunguke mara 10, kisha pima umbali. Rudia kwa kila tairi.

Kwenye trekta la magurudumu manne, tairi za mbele huwa ndogo kwa makusudi na gia zake zimepangwa kulingana nazo. Ukibadili ukubwa wa nyuma peke yake unaharibu mpangilio huo. Kama fedha haijatosha kwa tairi zote, ondoa nguvu ya mbele na utumie magurudumu mawili hadi upate zinazolingana. Kusubiri msimu mmoja ni nafuu kuliko kununua gia boksi.