Maisha ya Charlotte Brontë

Kila mwaka wanafunzi wapya waingiapo shuleni, huwamo wachache wasiothubutu kuinua mkono darasani hata kama jibu wanalijua. Kwa ajili yao nimechagua kueleza habari za mwanamke wa Uingereza, Charlotte Brontë, mtunzi wa hadithi ya Jane Eyre.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili, 1816, huko Yorkshire. Baba yake alikuwa padre, mzaliwa wa Ireland. Mwaka 1820 walihamia Haworth, kijiji cha kilimani chenye upepo mkali, na mwaka uliofuata mama yao akafa, akaacha watoto sita. Mwaka 1824 padre aliwapeleka binti zake wanne katika shule ya Cowan Bridge, iliyokuwa ya mabinti wa mapadre. Baridi ilikuwa kali na chakula kilipikwa vibaya. Mwaka 1825 Maria na Elizabeth, dada wakubwa wa Charlotte, walirudishwa nyumbani wagonjwa wa kifua kikuu, wakafa wakipishana wiki chache tu. Maria alikuwa na miaka 11, Elizabeth 10.

Mwezi wa Januari, 1831, Charlotte akapelekwa shule nyingine, Roe Head. Alikuwa na miaka 14, mfupi, amevaa nguo za kizamani, na haya zimemjaa. Macho yake hayakuona mbali, hata akisoma kitabu karibu kiguse pua. Wenziwe walipocheza mpira yeye husimama kando chini ya miti, maana mpira hakuuona. Sarufi na jiografia alikuwa hazijui, basi mwalimu mkuu, Bibi Wooler, akataka kumweka pamoja na wadogo. Charlotte akalia sana, na yule mama mwema akamruhusu kukaa na wakubwa, mradi ajisomee mwenyewe yaliyompita. Haukupita muda mrefu akawa anashinda wote. Nao wenzake wakagundua jambo jingine: usiku, taa zikiisha kuzimwa, mtoto huyu wa haya alikuwa bingwa wa kusimulia hadithi za kutisha! Katika giza hakuna aliyemtazama, nami nadhani ndiyo maana maneno yalimtoka.

Baadaye alifundisha katika shule ile ile, wala kazi hiyo hakuipenda. Mwaka 1836 alimpelekea mashairi yake Robert Southey, mshairi mkuu wa nchi. Southey akamjibu kwamba uandishi si kazi ya mwanamke. Charlotte alimshukuru kwa adabu, akaendelea kuandika.

Mwaka 1846 yeye na wadogo zake, Emily na Anne, walitoa kitabu cha mashairi kwa majina ya kubuni, ili watu wasijue kuwa ni wanawake. Mwanzoni ziliuzwa nakala mbili tu. Mwaka huo huo, alipokuwa Manchester akimwuguza baba yake aliyepasuliwa jicho, alianza kuandika Jane Eyre. Ni hadithi ya msichana yatima, mdogo wa umbo, asiye mzuri wa sura, apelekwaye shule ya baridi na njaa kama ile ya Cowan Bridge. Rafiki yake Helen, afaye humo, ni dada Maria aliyerudi kwa jina jingine. Sijasoma sura nyingine ya shule inayonigusa kuliko hiyo.

Kitabu kilipigwa chapa Oktoba, 1847, kikasomwa na wengi mara moja. Watu wakabishana, je, mwandishi ni mwanamume au mwanamke? Tena ikavuma kwamba wale waandishi watatu ni mtu mmoja. Basi Julai, 1848, Charlotte na Anne walikwenda mpaka stesheni katikati ya dhoruba, wakapanda gari la moshi la usiku kwenda London. Asubuhi, mbele ya Bwana George Smith aliyekichapisha kitabu, Charlotte hakusema mengi. Alimpa mkononi barua aliyoandikiwa na Smith mwenyewe, naye akapigwa na bumbuwazi.

Mwaka huo haujaisha, kaka yao Branwell akafa, kisha Emily, na Mei, 1849, Anne. Charlotte aliandika vitabu vingine viwili, akaolewa mwaka 1854, akafa tarehe 31 Machi, 1855, kabla ya kutimiza miaka 39. Baba yake, aliyefiwa na mke na watoto wote sita, aliishi mpaka mwaka 1861.