Mangi Rindi: jirani yetu wa jicho moja aliyecheza na bendera mbili

Leo naomba tuachane kidogo na siasa za mjini, tupande mlimani, kwetu Kirua Vunjo. Hii ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa anza na hii kabla hujafungua barua pepe.

Kisa chenyewe kilianza na mpira. Tulikuwa kibandani tunaangalia matokeo ya Ulaya, vijana wakacheka walipoona Liechtenstein imefungwa tena. Mmoja akauliza kama hiyo ni nchi kweli au ni timu ya mtaa. Nikamwambia ni nchi, tena ya milimani kama kwetu, imebanwa kati ya Uswisi na Austria. Ina kilomita za mraba 160 tu. Imekuwa na mwanamfalme wake tangu 1719, jeshi ikalivunja mwaka 1868, na haijameza risasi ya mtu. Ilikuwa imeegemea Austria. Austria ilipoanguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikahamia kwa Uswisi kwa mkataba wa forodha wa 1923. Mpaka leo ipo na bendera yake.

Wakashangaa. Nikawaambia msishangae, maana Kilimanjaro ilikuwa na nchi za hivyo kibao, kila moja na mangi wake: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kirua, Kilema, Marangu na nyingine mpaka Rombo. Leo ukisema mangi, mtu wa Dar anafikiria mwenye duka la soda na sukari. Zamani mangi alikuwa mtawala, anaamua vita na amani. Na kati yao, aliyeucheza mchezo wa Liechtenstein kuliko wote ni jirani yetu wa Moshi, Mangi Rindi.

Moshi ninayosema sio mji wa sasa wenye stendi na soko. Ni Old Moshi, kule juu kwenye migomba. Ukitoka kwetu Kirua unaelekea magharibi, si mbali. Watu wa pwani na Wazungu walimwita Mandara. Alikuwa na jicho moja, na Kiswahili alikijua vizuri, jambo kubwa kwa mtu wa mlimani zama zile. Misafara ya pwani ilikuwa ikija kutafuta pembe za ndovu na, tuseme ukweli, watumwa. Aliyekijua Kiswahili ndiye aliyepanga bei na ndiye aliyepata bunduki.

Hapa lazima niseme la nyumbani. Bibi yangu mzaa baba hakupenda kabisa kulisikia jina la Rindi. Watu wa umri wake walirithi hofu kutoka kwa wazazi wao, kwa sababu Rindi aliwapiga majirani zake, akachukua ng'ombe na watu. Kwa hiyo mimi siandiki kama mtu wa kumpamba. Kwetu sisi wa Vunjo hakuwa shujaa.

Ila kwa wageni alikuwa na akili ya ajabu. Mwaka 1871 alifika mmisionari Mwingereza, Charles New, akapanda mpaka kwenye theluji. Aliporudi safari ya pili, Rindi akamnyang'anya mali zake. Maskini akafia njiani akirudi pwani, mwaka 1875. Mwaka 1884 akaja Harry Johnston, Mwingereza mwingine. Wakapatana, halafu wakakosana. Rindi alitaka kila mgeni apitie kwake, asiende kumtajirisha mangi mwingine.

Sasa angalieni mwaka 1885. Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Jenerali Mathews kuja kuwaweka mamangi chini ya bendera yake nyekundu. Rindi akakubali. Wiki chache tu baadaye, mwezi Juni, akafika Mjerumani aitwaye Carl Jühlke na karatasi yake. Rindi akakubali na hiyo pia! Mwaka huohuo wamisionari Waingereza wakaweka kituo kwake. Yaani ndani ya mwaka mmoja ana Mwarabu, Mjerumani na Mwingereza, na kila mmoja anaamini Rindi ni wake.

Wengi wanamcheka kwamba aliuza nchi kwa vishanga. Mimi naona tofauti. Alikuwa na nchi ndogo, Sina wa Kibosho ni tishio upande mmoja, Marealle wa Marangu anainuka upande wa pili. Bendera kwake ilikuwa silaha ya kuwatishia hao. Ndivyo wanavyofanya wadogo kote duniani, hata hao Liechtenstein.

Tatizo ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa unaamuliwa pengine. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani walikubaliana mpaka, mstari ukazunguka mlima, Kilimanjaro ikabaki upande wa Wajerumani. Na ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, jamani tuiache. Huyo mjukuu amekuwa Kaiser mwaka 1888, mpaka ukiwa umeshachorwa. Haikuwa zawadi, ilikuwa biashara, na hakuna mangi aliyeitwa mezani.

Rindi hakukata tamaa. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake mpaka Berlin kwa Kaiser, wakiongozana na Otto Ehlers. Fikiria vijana wa mlimani wanashuka Pangani, wanavuka bahari, wanafika Ulaya kumsalimia mfalme kwa niaba ya mangi wao. Alitaka aonekane mtawala anayeongea na mtawala mwenzake. Februari 1891 Wajerumani wakiongozwa na Wissmann wakampiga Sina wa Kibosho, na askari wa Rindi wakiwemo. Adui yake wa siku nyingi akanyenyekea. Mwishoni mwa mwaka huohuo Rindi akafariki, akiamini labda ameshinda.

Bili ililetwa kwa mwanawe. Meli alirithi kiti, lakini Wajerumani walikuwa wameshahamia kwa Marealle. Juni 1892 Meli aliwashinda vitani, kamanda wao von Bülow akafa. Agosti 1893 wakarudi na gavana von Schele mwenyewe, Moshi ikavunjwa. Tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa pamoja na wenzake 18, wakiwemo mamangi Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Mtoto wa Rindi na watu wa Kibosho kwenye kitanzi kimoja. Inasemekana kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 huko Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi ya mafuvu na ndugu walio hai Kilimanjaro, lakini cha Meli hakikuwemo.

Ndiyo maana nimeandika. Liechtenstein ilibadilisha mlinzi na ikabaki, kwa sababu walinzi wake waliihesabu kuwa nchi. Rindi alifanya hivyohivyo, ila wenzake walimhesabu kuwa ardhi. Na kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, ni pale Kibosho 1891, sio ile karatasi ya Jühlke. Alimsaidia mgeni kumvunja jirani, na mwanawe alipohitaji majirani, walikuwa wameshavunjwa au wameshanunuliwa.

Bibi asingekubali nimtetee hata hivyo. Wadau wa Kibosho, Old Moshi, Marangu, Rombo, kwenu wazee walimsimuliaje huyu mzee? Tiririkeni hapo chini, ila matusi ya ukoo hapana.