Baden-Powell na Kazi ya Mwalimu wa Skauti

Mwanachuo amalizaye masomo yake na kupangiwa shule ya msingi huko Tunduma, Vwawa au Ileje aghalabu hukabidhiwa mambo mawili katika juma lake la kwanza: darasa lake, na jambo jingine ambalo hakulisomea. Mmoja hupewa shamba la shule, mwingine michezo, na mwingine skauti. Huyu wa skauti mara nyingi huwa hajui zaidi ya skafu shingoni, fimbo mkononi na gwaride uwanjani. Nami nilikuwa hivyo. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikabidhiwa watoto 42, nikawatembeza kushoto-kulia muhula mzima hadi wakawa wanageuka kwa ustadi mbele ya wageni. Siku moja mwenzao alijikata kwa jembe shambani. Hapakuwa na hata mmoja katika wale 42 aliyejua kulifunga jeraha, wala mwalimu wao hakujua vema. Ndipo nilipoanza kutafuta habari za mtu aliyeuanzisha uskauti, ili nijue alikusudia nini hasa.

Robert Baden-Powell alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Februari, 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, naye alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mama, Henrietta Grace, aliachwa na watoto wengi, akawalea kwa ukali na kwa kujinyima. Robert alisoma katika shule ya Charterhouse, na huko hakung'ara sana darasani. Karibu na shule palikuwa na kichaka ambacho wanafunzi walikatazwa kuingia. Yeye aliingia. Alijifunza kutega sungura, kuwapika kwa moto usiotoa moshi mwingi, na kujificha walimu walipopita kumtafuta. Tusifiche kwamba alikuwa mtoro. Lakini kila mwalimu apaswa kujiuliza ni kitu gani kilichokuwa kichakani ambacho darasani hakikuwapo.

Oxford hawakumkubali. Akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri, na mwaka 1876 akapelekwa India kuwa ofisa katika kikosi cha askari wapanda farasi. Huko na Afrika Kusini akawa mpelelezi hodari, mwenye kusoma nyayo, kuchora ramani na kusafiri usiku peke yake. Alipopewa askari wa kufundisha, hakuwafundisha kwa mkumbo. Aliwagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake, akawapa kazi za kweli za kutafuta njia na kuleta taarifa, na waliofuzu akawapa alama ya kuvaa. Mambo hayo aliyaandika katika kitabu kidogo cha askari kilichotoka mwaka 1899.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana maisha ya mtu huyu Barani Afrika si ya kusimuliwa kwa sifa tupu. Alikuwa askari wa dola iliyokuwa ikiteka nchi za watu. Mwaka 1895 na 1896 alikuwa katika msafara uliompindua Prempeh, mfalme wa Waashanti, katika nchi ambayo sasa ni Ghana. Mwaka huo huo wa 1896, Wandebele na Washona walipoinuka kuipinga serikali ya walowezi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Baden-Powell alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwazima. Chifu mmoja, jina lake Uwini, alikamatwa akiwa amejeruhiwa, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na Baden-Powell akaidhinisha apigwe risasi, ingawa wakuu wake walikuwa wametaka wafungwa wa namna hiyo wakabidhiwe kwa serikali ya kiraia. Uchunguzi ulifanywa, naye akaonekana hana hatia. Waliofanya uchunguzi walikuwa maofisa wenzake.

Sifa yake kubwa ilitokana na Mafeking, mji wa Afrika Kusini ambao leo huitwa Mahikeng. Makaburu waliuzingira kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, siku 217, na yeye ndiye aliyeongoza ulinzi. Kwa kuwa askari walikuwa wachache, wavulana wa Kizungu, wengine wa miaka tisa tu, waliundiwa kikosi cha kupeleka barua, kusaidia hospitalini na kushika zamu. Waliifanya kazi hiyo huku mizinga ikilia, wala hawakuvuruga. Baden-Powell alilikumbuka jambo hilo maisha yake yote: mtoto akiaminiwa kazi ya kweli, huifanya. Lakini katika mji huo huo walikuwamo Waafrika wa kabila la Barolong na wengine wengi waliokimbilia hapo, na chakula kilipopungua wao ndio waliobanwa zaidi. Wengi walikufa kwa njaa, na wengine walishurutishwa kutoka mjini na kupita katikati ya Makaburu. Solomon Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama ya mji huo, aliandika kumbukumbu zake za kila siku wakati wa kuzingirwa, nazo zilichapwa mwaka 1973. Mwanachuo atakayezipata na azisome kabla hajawasimulia watoto habari za Mafeking.

Aliporudi Uingereza mwaka 1903, Baden-Powell alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Kile kitabu chake cha askari kilikuwa kikisomwa na walimu. Mwenyewe alipenda kusimulia kisa cha ofisa mmoja, Allenby, ambaye baadaye alikuja kuwa jemadari mkuu. Siku moja Allenby alikuwa akirudi nyumbani kwa farasi, mara akasikia sauti kutoka juu ya mti ikimwambia kwamba amekwisha kupigwa risasi. Alipoinua macho akamwona mwanawe mdogo tawini, na juu zaidi akamwona mwalimu wa kike aliyekuwa akimfundisha mtoto huyo nyumbani. Walikuwa katika somo la kutazama na kujificha. Mwalimu huyo alifunzwa katika chuo cha Charlotte Mason huko Ambleside, nacho kitabu kile kilitumiwa chuoni humo katika kuwafunza walimu. Nakitaja kisa hiki kwa sababu twasahau kwamba walioona kwanza thamani ya mafunzo haya kwa watoto walikuwa wakufunzi na wanachuo, watu kama sisi.

William Smith, aliyekuwa ameanzisha chama kingine cha vijana, naye alimhimiza akiandike upya kitabu kile kwa ajili ya watoto. Kabla ya kufanya hivyo Baden-Powell alifanya jambo ambalo kila mwalimu mwenye wazo jipya angepaswa kulifanya: alilijaribu kwanza. Mwezi wa Agosti 1907 alipiga kambi katika kisiwa kidogo cha Brownsea pamoja na wavulana wapatao 20. Nusu walitoka katika shule za matajiri, na nusu walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya karibu, na katika Uingereza ya wakati ule makundi hayo mawili hayakuzoea kula pamoja. Akawagawa katika vikundi vinne vilivyopewa majina ya wanyama na ndege. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi mvulana, na kiongozi huyo ndiye aliyewajibika kwa wenzake usiku na mchana. Walipika, walifunga vifundo, walifuata nyayo, walijifunza kuokoa mtu aliyezama, na jioni walikaa kuuzunguka moto wakasikiliza hadithi. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya mnyama ambayo yeye aliipata katika ile vita ya 1896.

Kuanzia Januari 1908 kitabu chake cha wavulana kilitoka katika sehemu sita, moja kila majuma mawili. Hakukuwa na chama bado. Watoto walinunua, wakasoma, wakajigawa wenyewe katika vikundi, kisha wakaenda kumtafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Mwaka 1909 maelfu walikusanyika London, na miongoni mwao wakajitokeza wasichana waliovaa kama skauti pasipo kualikwa. Hilo ndilo lililomfanya yeye na dada yake Agnes kuanzisha chama cha wasichana mwaka 1910. Mwaka huo huo aliacha jeshi ili auhudumie uskauti peke yake. Si mambo yote kitabuni yalikuwa yake. Ernest Thompson Seton wa Marekani alikwisha kuanza kazi ya namna hiyo na watoto, na alilalamika kwamba mawazo yake yalichukuliwa pasipo shukrani ya kutosha. Mengine aliyachukua kwa Wazulu, ambao alisema huwatoa vijana wao porini wajitafutie riziki kabla ya kuhesabiwa watu wazima. Kwa hiyo mzee wa Momba akituambia kwamba vijana waliochunga ng'ombe pamoja, mkubwa akiwaongoza wadogo, walikuwa na mafunzo haya kabla ya skafu kufika, hatakuwa amekosea.

Sasa njia yenyewe. Kiini chake ni kikundi kidogo cha watoto sita hadi wanane, na kiongozi wao ni mtoto mwenzao. Mwalimu hasemi na watoto 42. Husema na viongozi sita, nao hukaa naye barazani kupanga kazi na kuamua makosa. Kujifunza ni kwa kutenda, na beji hutolewa kwa jambo ambalo mtoto aweza kulifanya mbele ya macho yako, si kwa alilolikariri. Michezo hulenga kuzoeza macho na akili. Mmojawapo ni wa kutandaza vitu kama 24, tuseme punje ya mahindi, buni ya kahawa ya Mbozi, kizibo cha soda, sindano, kipande cha chaki, kuwaachia watoto wavitazame kwa dakika moja, kisha kuvifunika na kuwataka wavitaje. Jaribuni mchezo huo katika darasa la 3 wakati wa somo la lugha, mtaona. Tena kila siku mtoto atende tendo moja jema kwa mtu mwingine pasipo malipo.

Katika mambo yote hayo gwaride lina nafasi ndogo sana. Baden-Powell, ijapokuwa alikuwa askari tangu ujana, aliwaonya viongozi dhidi ya kuwachezesha watoto kwata kupita kiasi, kwani kwata huua akili ya mtoto mmoja mmoja na ni kimbilio la kiongozi asiye na jambo la kufundisha. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka wale 42, nikaona haya.

Mwaka 1919 alianzisha huko Gilwell, karibu na London, mafunzo ya viongozi wa kujitolea, wengi wao walimu. Waliofuzu walipewa shanga mbili za mti, zilizotolewa katika mkufu ambao yeye alisema ulikuwa wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Ajabu ya mambo ni kwamba alama ya heshima ya kiongozi wa skauti duniani kote chanzo chake ni mali ya Mwafrika iliyochukuliwa vitani. Mwaka 1920, katika mkutano wa kwanza wa skauti wa dunia uliofanyika London, vijana walimtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Katika kanuni zake skauti ni ndugu wa kila skauti. Hata hivyo huko Afrika Kusini vijana wa Kiafrika walizuiliwa kuwa skauti, wakaundiwa chama cha kando, na mwaka 1936 Baden-Powell alikubali mpango wa vyama vinavyokwenda sambamba, kila rangi na chake. Hapo kanuni aliyoiandika mwenyewe ilimshinda.

Kwetu uskauti ulifika mapema, ukianzia Zanzibar mwaka 1912, na Tanzania ikaingia katika shirika la skauti la dunia mwaka 1963, baada ya Uhuru. Ulibaki kwa sababu walimu waliuchukua wakaufanya wao. Tazameni Tunduma. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia hapo mpakani na Zambia, malori hupanga foleni ndefu, na watoto wa darasa la 1 huvuka katikati yake kwenda shule. Kikundi cha skauti sita wa darasa la 6 kikikabidhiwa wadogo 20 wa mtaa wao, kiwajue kwa majina, kiwakusanye asubuhi na kuwavusha mwalimu akiwa kando, hiyo ni kazi halisi. Mwalimu asiwachagulie kazi hiyo. Awatume kwanza wautembee mtaa, watazame, warudi wamwambie ni nini kinachowatisha wadogo zao. Huenda wakaja na jambo jingine, kama vile kisima kilicho wazi ambacho mwalimu hakupata kukiona.

Baden-Powell alizeeka akiwa mgonjwa wa moyo. Mwaka 1938 yeye na mkewe Olave walihamia Nyeri, Kenya, katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, iliyokuwa mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa mmoja wa wasaidizi wake wa mwanzo. Nyanda zile wakati huo walikuwa wametengewa walowezi, nao Wakikuyu walinyang'anywa sehemu ya mashamba yao. Yeye alishinda barazani akichora wanyama na kuandika, akiutazama Mlima Kenya. Alifariki tarehe 8 Januari, 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa hapo hapo Nyeri, na majivu ya Olave yakazikwa kaburini humo mwaka 1977. Juu ya jiwe imechongwa duara yenye nukta katikati. Ni alama ambayo skauti huichora mchangani mwishoni mwa njia, ili wanaomfuata wajue kwamba amekwenda nyumbani.